Si Kila Kitambaa ni Biashara

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi, siku ya maonyesho ya kazi za mikono shuleni, Tanga

Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mliokaa chini pale mbele kwa sababu viti vimewaishia. Wakubwa wangu, shikamooni. Wadogo, marahaba. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Kabla ya kuja hapa mbele nimepita kwenye meza zote. Nimeona vitambaa vya kroshia, foronya zilizodariziwa, vikapu vya katani, mikeka ya ukili, kofia, na sweta la mtoto mchanga lililofumwa kwa spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha mpaka zikawa laini. Kila kitu kimebandikwa bei. Kitambaa cha meza shilingi 15,000. Kikapu 20,000. Kwenye meza ya kidato cha pili tu ndipo nilipokuta kitu kisicho na bei: kofia ndogo ya rangi nyekundu na nyeupe, na kando yake karatasi imeandikwa, "Hii ni ya mdogo wangu." Nikamuuliza aliyeifuma mbona hakuweka bei. Akainamisha kichwa, akasema, "Samahani mwalimu, hiyo siuzi." Aliomba radhi! Mtoto amemfumia mdogo wake kofia, halafu anaona kama amekiuka utaratibu wa maonyesho.

Radhi ile ndiyo iliyonifanya niweke pembeni karatasi niliyokuja nayo.

Nimefundisha sayansi kimu mpaka nikastaafu, na katika miaka hiyo nimelisikia swali likigeuka. Zamani mtu akimkuta msichana na kitambaa mkononi alimuuliza, "Ua hilo umelitoa wapi? Nani kakuonyesha?" Kitambaa kikapita mkono kwa mkono, kikageuzwa upande wa ndani ili watu waone kama ncha za uzi zimefichwa vizuri, na kabla ya wiki kwisha lile ua lilikuwa limeshaigwa mtaa mzima. Siku hizi swali la kwanza, na mara nyingi la pekee, ni, "Unauza shilingi ngapi?" Akijibu kwamba hauzi, ataambiwa anapoteza muda. Akijibu kwamba anauza, ataambiwa atafute wateja mtandaoni, ajiunge na kikundi, akope, aongeze mzigo. Haupiti muda mrefu, jambo alilokuwa akilifanya jioni kwa kujipumzisha linakuwa deni jingine la kumkosesha usingizi.

Sina ugomvi na biashara. Humu ndani wapo akina mama waliosomesha watoto kwa vitambaa vya makochi, nami nawaheshimu sana kwa hilo. Na ukitazama historia ya kroshia yenyewe, utaona kwamba iliwahi kuwaokoa watu kwa kuuzwa. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye mashamba ya viazi kule Ireland. Njaa iliyofuata iliendelea mpaka karibu 1852, ikaua watu wapatao milioni 1, na wengine zaidi ya milioni wakaihama nchi. Katika miaka hiyo masista na wanawake wenye uwezo waliwafundisha wanawake maskini na watoto wao kufuma lesi kwa ndoano, lesi ya mawaridi na majani yaliyoinuka juu ya kitambaa, ambayo ilipata wanunuzi mbali na kwao. Mtaji wake ulikuwa ndoano na uzi. Familia zilikula kwa mikono hiyo, na mpaka leo mtindo ule unaitwa kroshia ya Ireland.

Kwa hiyo mwenye kuuza na auze. Ninachokikataa ni bei kugeuzwa ruhusa, mtu akaona hana haki ya kukaa na uzi wake mpaka athibitishe kwamba uzi huo utaleta hela. Yule mama wa Ireland alifuma huku watoto wanasubiri chakula, na nadhani hakuwa na nafasi ya kukifumua kipande chote ili ajaribu ua ambalo hakuna mtu amelitia oda. Nafasi hiyo sisi, wengi wetu humu, tunayo walau kwa saa moja ya jioni. Mbona tunaitupa?

Hebu niwaambie raha yenyewe iko wapi, maana wanaoipigia hesabu mara nyingi hawajawahi kuishika ndoano.

Kroshia ni ndoano moja, uzi mmoja, na kitanzi kimoja kilicho wazi. Kwenye ufumaji wa sindano mbili, ule wa masweta, vitanzi vyote vya safu hukaa wazi juu ya sindano vikisubiri zamu. Sindano ikichomoka, safu nzima inaweza kuachia. Kwenye kroshia kila tundu, yaani kila mshono mmoja, likikamilika limeshafungwa, na kinachobaki wazi ni kile kitanzi kimoja tu. Ndiyo maana unaweza kufuma ndani ya daladala. Ukifika kituoni unakivuta kitanzi kirefu, unatia kazi kwenye mkoba, unashuka. Unaweza kufuma kwenye foleni ya hospitali, kwenye benchi la kusubiri cheti cha kuzaliwa, au jikoni maharage yakichemka. Na ukikosea, unavuta uzi tu, safu inafumuka, uzi uleule unaanza upya. Fundi nguo akishakata kitambaa amekata. Mchonga kinyago akishapasua gogo amelipasua. Mfumaji ana kazi inayomsamehe, na sijui kazi nyingi za namna hiyo duniani.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ufumaji wa sindano mbili ulipata mashine zamani sana. Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589. Lakini hadi leo viwanda havina mashine ya kufuma kroshia halisi. Ndoano huingia popote: juu ya safu, pembeni, kwenye tundu la safu iliyopita, nyuma ya nguzo ya mshono. Mkono ndio unaoamua papo hapo. Kinachotoka kiwandani kwa sura ya kroshia kimefumwa kwa njia nyingine kikafananishwa. Kwa hiyo wanangu, mkikuta dukani blauzi ya kroshia halisi kwa bei ya chipsi na soda, fahamuni kwamba yupo mtu aliyekaa kitako akaifuma tundu baada ya tundu, na mjiulize mtu huyo alilipwa nini. Aliyewahi kufuma hawezi kukwepa swali hilo, maana anajua kila safu imechukua muda gani.

Sasa ninyi mnaolalamikia hesabu, sogeeni karibu.

Anza na matundu 6 yaliyofungwa kwenye pete. Mzunguko wa pili, kila tundu litie mawili, yawe 12. Wa tatu ongeza 6, yawe 18. Wa nne 24. Ukitumia mshono mfupi na kuendelea kuongeza 6 kila mzunguko, kitambaa kitalala bapa mezani. Ukiacha kuongeza, kingo zitaanza kuinama, na hapo umepata kofia. Mtoto aliyemfumia mdogo wake kofia ile nyekundu amefanya hesabu hii yote bila kalamu: alijua lini aongeze na lini aache, kwa kipimo cha kichwa ambacho huenda alikipima kwa shibiri.

Na ukiongeza kupita kiasi je? Kitambaa kinakosa pa kulala. Kinainuka, kinajikunja, kinapiga mawimbi pembeni. Mwanafunzi anayeanza hudhani ameharibu. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alilitumia jambo hilohilo kwa makusudi. Kuna jiometri inayoitwa ya haipaboli. Humo, ukiwa na mstari mmoja na nukta iliyo nje ya mstari huo, kupitia nukta hiyo unaweza kuchora mistari mingi isiyokutana kamwe na ule wa kwanza. Kwenye karatasi bapa ya daftari lako unapata mmoja tu. Wanahisabati waliijua jiometri hiyo tangu karne ya 19, lakini kuishika mkononi ilikuwa tabu, na mifano ya karatasi ilichanika haraka. Taimina alichukua ndoano na uzi, akaongeza matundu kwa uwiano uleule kila safu, akapata umbo ambalo wanafunzi wake waliweza kulikunja, kulivuta, na kushonea mistari juu yake wakaona kwa macho. Kazi ya "kupoteza muda" ikaingia darasa la chuo kikuu.

Haikuishia hapo. Mwaka 2005 dada wawili mapacha kutoka Australia, Margaret na Christine Wertheim, wakiwa Los Angeles, walianza kufuma matumbawe. Walichagua matumbawe kwa sababu viumbe hao wana mikunjo ileile ya haipaboli, na kwa sababu bahari inapata joto na matumbawe yanapauka na kufa. Kazi yao imeonyeshwa katika majumba ya sanaa ya nchi nyingi, na maelfu ya watu wa kawaida, wengi wao wanawake, wamejitolea kufuma vipande vya matumbawe ya miji yao. Mimi nikisoma habari hiyo naona wivu, nawaambia kweli. Sisi ndio tunaoishi kando ya matumbawe. Tangu 2009 mkoa huu una Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyopewa jina la samaki wa kale. Wapo watoto humu ambao baba zao wanavua juu ya miamba hiyo. Mwalimu wa biolojia na mwalimu wa sayansi kimu wakikaa pamoja muhula mmoja, wakawapa watoto uzi wa mabaki wa rangi mchanganyiko, tutapata ukuta mzima wa matumbawe ya Tanga, na kila mtoto atajua kwa nini yamejikunja vile.

Nimesema habari za mbali, lakini kazi ya mikono ya pwani yetu haijasubiri mtu wa kuja kutufundisha. Tazameni ile mikeka.

Mkindu unakatwa jani likiwa changa, kabla halijafunguka. Linaanikwa juani mpaka lipauke, linachanwa chane nyembamba, na zile za rangi zinachemshwa sufuriani kwenye rangi ya unga, nyekundu, zambarau, kijani. Kisha chane zinasukwa ukili, ukanda mwembamba mrefu unaozidi kurefuka siku baada ya siku, ukiviringishwa na kuwekwa pembeni. Ukili ukitosha ndipo unaposhonwa, ukingo kwa ukingo, mpaka mkeka unajitokeza na mistari ya rangi inakutana pale ilipokusudiwa. Msukaji alikuwa ameubeba mkeka mzima kichwani tangu alipoanza chane za kwanza. Unguja, Pemba, na hapa kwetu, kazi hii ina wenyewe, na wenyewe huifanya barazani.

Hapo barazani ndipo ningependa vijana wakae. Mikono ya msukaji haihitaji macho, kwa hiyo macho na masikio yako huru. Nimesikia mambo mazito yakisemwa kwenye ukili ambayo yasingesemwa kwenye kikao. Mwali anaeleza shida ya ndoa yake akiwa ameinamia chane zake, na hakuna anayemkazia macho, maana kila mmoja ameinamia zake. Akinyamaza, ukimya haumtii aibu, kazi inaendelea. Binti aliyevunjika moyo, mama aliyefiwa, mzee ambaye watoto wamehamia Dar es Salaam, wote wanapata mahali pa kukaa bila kuulizwa wamefuata nini. Wamefuata ukili. Niambieni, huduma hiyo utaiandikia bei gani kwenye karatasi?

Na kofia je? Kofia ya viua inaanza na kitambaa cheupe kilichochorwa maua kwa penseli. Kila tundu, kila kiua, kinatobolewa na kuzungushiwa uzi, kimoja kimoja, mamia kwa mamia, na kofia moja inaweza kula wiki nyingi za mtu. Ng'ambo ya bahari Waomani wanavaa kumma, iliyotobolewa na kudariziwa kwa namna hiyohiyo, na historia ndefu kati ya Zanzibar na Muskat imo ndani ya viua hivyo. Zipo kofia zilizoshonwa kwa kuuza, na zipo ambazo mke alimshonea mume, hazikuwahi kufika dukani, na mwenyewe hazivai ila Idi. Hizo za Idi ndizo ninazozitetea leo.

Kwenye katani nitakaa kidogo, kwa sababu katani ni Tanga na Tanga ni katani. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche iliyosafirishwa kutoka Florida ilikuwa 1,000, na iliyofika hai ikapona ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba yaliyoijaza nchi manamba. Babu zetu walitoka Songea, Kigoma, Makete, wengine ng'ambo ya mipaka, wakaja kukata majani yenye miiba wakihesabiwa mizigo. Kwa vizazi viwili vitatu katani ilikuwa kamba, magunia, na jasho la mtu mwingine. Leo binti wa hapa, huenda mjukuu wa manamba, ananunua katani ya rangi, anakaa Jumapili jioni, anasuka kikapu chenye pembe tatu za kijani na nyeusi kwa sababu tu amewaza pembe tatu za kijani na nyeusi. Hakuna mnyapara. Hakuna anayehesabu mizigo. Nikiona kikapu cha namna hiyo naona kitu kikubwa kimetokea, na naomba tusiwe sisi wa kumrudishia mnyapara kwa maswali yetu ya "umetengeneza vingapi wiki hii."

Sasa, wavulana. Nimehesabu meza za wavulana leo na sijafurahi. Nani amewaambia uzi ni wa wasichana? Nendeni ufukweni mkawaone wazee wanaoshona nyavu, kibanzi kwa mkono mmoja, sindano ya nyavu kwa mwingine, macho ya wavu yote sawasawa. Hakuna anayewaambia wanafanya kazi ya kike. Kule Peru, ndani ya ziwa Titicaca, kuna kisiwa kinaitwa Taquile ambako wanaume ndio wanaofuma kofia kwa sindano, na wavulana huanza kujifunza wangali wadogo. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufumaji wa kisiwa kile kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu. Na kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, mpiga mbizi wa Uingereza Tom Daley alipata dhahabu, kisha siku chache baadaye kamera zikamnasa amekaa jukwaani akitazama wenzake wakishindana huku anafuma. Alifuma hata kifuko cha kuhifadhia medali yake isikwaruzike. Mwanariadha wa kiwango kile alihitaji kitu cha kuituliza akili yake katikati ya mashindano, akachagua uzi. Mvulana wa Tanga atakayeshika ndoano hana cha kuona haya.

Mtaniuliza kuhusu afya, maana kila jambo siku hizi linaulizwa litaponya nini. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa watafiti wa Uingereza uliowauliza wafumaji 3,545 wa nchi mbalimbali. Wengi walisema kufuma kunawatuliza na kuwafurahisha, na waliofuma mara kwa mara ndio waliosema hivyo zaidi. Tuupokee kwa kiasi: waliulizwa watu ambao tayari wanapenda kufuma, kwa hiyo usimfumishe mtu asiyependa ukitegemea atapona sonona. Mwenye maradhi apelekwe hospitali. Lakini jambo wanalolisema nalijua. Kuna namna pumzi inavyoshuka mtu akishafika safu ya tatu ya mshono ule ule, na mawazo yaliyokuwa yakigombana yanapanga foleni.

Kwa anayetaka kuanza leo, asihangaike na vifaa vingi. Ndoano ya unene wa milimita 4 hivi inamtosha, na uzi mnene kiasi wa rangi nyepesi. Msianze na uzi mweusi, hata kama mnaupenda, maana matundu hayaonekani na utaumiza macho bure. Kwa joto letu uzi wa pamba ni bora kuliko wa akriliki kwa kitu chochote kitakachogusa mwili. Akriliki ni rahisi na haipauki upesi, itumieni kwa mikoba na wanasesere. Siku za mwanzo fuma mnyororo tu, mrefu, mpaka vitanzi vyote vilingane. Usikaze uzi kana kwamba utakukimbia, mkono ukikaza ndoano haiingii. Ukitumia mkono wa kushoto, kaa ukitazamana na anayekufundisha, si ubavuni mwake, utaiga vizuri zaidi. Kaa kwenye mwanga, egemeza mgongo, na kila baada ya safu kadhaa nyoosha vidole. Video za kufundishia zipo tele kwenye simu, na ni nzuri, ila ukimpata bibi wa mtaani mwenye subira, mchague bibi. Video haitakushika kidole ikakionyesha njia.

Wazazi, nanyi nina ombi kwenu. Mtoto akikaa na uzi wake, msimwite kila dakika tano kana kwamba hana kazi. Mpeni ile saa moja. Na ninyi mashangazi na makungwi, lile neno la "nifumie na mimi" lipunguzeni kidogo. Kitambaa cha meza ni majuma ya mtu. Mwenye kupenda atakupa mwenyewe, na atakapokupa, usikifungie kabatini kikaliwe na mende. Kitandike, kivae, kifue, kichakae. Na anayetaka kuuza, aamue mapema kipi ni cha kuuza na kipi ni chake, na kile cha kuuza akipigie hesabu uzi pamoja na saa zake, asije akajikuta anawalipa wateja ili wanunue.

Mwalimu Mkuu, nimalizie kwa jambo la vitendo, maana tumeshazungumza kabla ya hafla na umenikubalia. Kila Ijumaa baada ya vipindi, chumba cha sayansi kimu kitakuwa wazi mpaka saa kumi na moja jioni. Hakuna alama zitakazotolewa humo, hakuna mtihani, na hakuna kitu kitakachotengenezwa humo kitakachobandikwa bei. Wavulana na wasichana, walimu pia, na mzazi anayeweza kufika. Uzi wa kuanzia nitaleta mimi. Ndoano zipo chache, mwenye ya kwake aje nayo, na mwenye uzi wa mabaki nyumbani asiutupe. Mama mmoja wa Chumbageni amekubali kuja kufundisha ukili, lakini anaomba wanafunzi wake waje na mkindu ulioanikwa tayari, kwa hiyo mnaotaka ukili anzeni kuanika wiki hii, jua lingali kali.

Na wewe wa kofia nyekundu, uje unionyeshe ulivyopunguza pale juu ya masikio, maana mimi nilikuwa nafundisha kwa njia nyingine, na yako naona imekaa vizuri zaidi.

Asanteni kwa kunisikiliza.